Pikapu ya Zamani, Diski za Nyuma na Valvu Inayosahaulika

Mwenye Hilux ya miaka ya 1990 anayelalamika kwamba breki za nyuma hazishiki hupewa ushauri wa aina mbili gerejini. Wa kwanza ni kubadili lainingi, kuchonga dramu na kuendelea na safari. Wa pili, ambao huwavutia zaidi wanaopenda kulirembesha gari, ni kung'oa dramu zote mbili za nyuma na kufunga diski. Hoja ya huu wa pili ni fupi na inaingia akilini haraka: magari ya kifahari yana diski nne, pikapu yenyewe ina diski mbele na zinashika vizuri, basi nyuma nako ziwekwe. Kuna ukweli ndani yake. Lakini hoja hiyo imeruka swali moja: kwa nini Toyota, ambayo haishindwi kufunga diski popote, iliacha dramu nyuma ya Hilux kwa miongo mingi, na hata Hilux ya kizazi cha nane iliyotoka 2015 ikaja na dramu nyuma katika masoko mengi?

Gharama ni sehemu ya jibu. Dramu ni rahisi kutengeneza, na hendibreki inakaa humo humo ndani bila kifaa cha ziada. Sehemu kubwa zaidi ya jibu, kwa maoni yangu, iko kwenye bodi la nyuma. Pikapu inaweza kushuka asubuhi kutoka mashamba ya Lushoto na kreti za nyanya hadi springi zimelala, kisha jioni ikapanda na dereva peke yake na tairi la akiba. Hakuna gari dogo la abiria ambalo uzito wa ekseli yake ya nyuma hubadilika kiasi hicho ndani ya siku moja. Anayetaka kugusa breki za nyuma za pikapu, za dramu au za diski, lazima aanzie hapo.

Tuchukue hesabu. Pikapu tupu ya kilo 1,600 yenye mita 3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma hubeba kama asilimia 58 ya uzito wake mbele, maana injini iko huko. Nyuma zinabaki kilo 670 hivi. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu kwenye lami kavu, kiasi kwamba gari linapunguza mwendo kwa asilimia 80 ya mvuto wa dunia, uzito unahamia mbele. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 65 juu ya ardhi, kilo zipatazo 280 zinaiacha ekseli ya nyuma na kuiegemea ya mbele. Wakati huo tairi za nyuma zinabanwa barabarani kwa uzito usiofika kilo 400. Sasa pakia tani moja, karibu yote juu ya ekseli ya nyuma, na kitovu cha uzito kipande hadi sentimita 80. Ukikanyaga breki vilevile, tairi za nyuma zitabaki na zaidi ya kilo 1,000. Kazi ya breki za mbele imeongezeka kwa theluthi moja tu. Ya nyuma imeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu.

Breki ya nyuma yenye nguvu inayolitosha gari lililojaa itazifunga tairi za nyuma gari likiwa tupu. Na kati ya makosa yote ya breki, hili ndilo linaloua kwa haraka. Tairi za mbele zikijifunga kwanza, usukani haufanyi kazi lakini gari linateleza likiwa limenyooka. Tairi za nyuma zikijifunga kwanza, kitako cha gari kinataka kutangulia, na dereva wa kawaida hana muda wa kukirudisha. Ndiyo maana watengenezaji huhakikisha breki za nyuma zinachelewa kidogo kuliko za mbele, na ndiyo maana chini ya Hilux nyingi za zamani, juu ya difu, kuna kifaa kidogo kilichofungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na hausi ya difu kwa fimbo ya chuma. Hiyo ndiyo valvu ya mzigo. Springi zikilala kwa uzito, chesisi inasogelea difu, fimbo inaisukuma valvu, nayo inaruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Gari likiwa tupu valvu inabana presha. Hakuna umeme wala kompyuta. Ni fimbo tu, inayopima urefu na kuugeuza kuwa presha.

Kwetu valvu hii inateswa kuliko kifaa chochote kingine cha breki. Mwenye gari anaongeza pleti kwenye springi ili abebe zaidi. Springi zinakuwa ngumu, zinagoma kulala, na valvu inaamini kwamba gari ni tupu hata likiwa na mifuko ya saruji hadi usawa wa kioo. Breki za nyuma zinapata presha kiduchu, za mbele zinafanya kazi ya wote, pedi za mbele zinaisha haraka, na dereva anasema breki za nyuma hazina kazi. Wengine wameinua gari kwa ajili ya matope bila kurekebisha fimbo, matokeo ni yale yale. Katika magari mengine fimbo ilivunjika zamani ikafungwa kwa waya, au valvu imeganda kwa vumbi na kutu, au fundi mmoja aliona inamsumbua wakati wa kutoa upepo akaiondoa na kuunganisha bomba moja kwa moja. Huyo wa mwisho ameunda gari linaloshika vizuri likiwa na mzigo na linalozunguka kama pia mvua ikinyesha siku liko tupu.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu kwa ajili ya diski, lala chini ya gari uitazame fimbo hiyo. Ukiona inacheza vizuri na urefu wake unafuata kitabu cha gari, endelea na mambo mengine ambayo dramu husingiziwa. La kwanza ni hendibreki. Katika dramu za Hilux nyingi za miaka hiyo, mtambo unaosogeza lainingi zikaribie dramu kadiri zinavyolika hufanya kazi hendibreki inapovutwa. Kitabu chenyewe humwambia fundi avute mkono wa hendibreki mara nyingi mpaka mlio wa kukatakata usisikike tena. Dereva ambaye huegesha kwa gia na jiwe nyuma ya tairi, kwa kuwa hendibreki ilikufa miaka mingi iliyopita, amezinyima lainingi zake marekebisho kwa muda wote huo. Nafasi kati ya lainingi na dramu imekuwa kubwa, pedeli inashuka mbali, na lawama zinaiangukia dramu. Mara nyingi kilichoganda ni mkono mdogo wa kebo nyuma ya sahani ya breki, kitu cha kusafisha na kutia grisi kwa saa chache.

La pili ni oili. Gari lililovuka mto huku tundu la kupumulia la difu limeziba hujenga presha ndani ya hausi likipata joto, na oili hutafuta njia kupitia sili ya shafti. Inaingia kwenye dramu, lainingi zinalowa, upande mmoja unashika na mwingine unateleza. Ukifunga diski bila kuzibua tundu hilo na kubadili sili, oili itaendelea kutoka, na safari hii itamwagikia diski au lainingi ndogo za hendibreki. La tatu ni tairi. Anayetoka kwenye tairi za kawaida kwenda kwenye zilizo kubwa kwa asilimia 10 amepunguza nguvu ya breki zote nne barabarani kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho, kwa kuwa breki ile ile sasa inapambana na mkono mrefu zaidi. La nne ni dramu iliyochongwa kupita kiasi. Kikomo huandikwa kwenye dramu yenyewe, na kwa dramu nyingi za Toyota ni milimita 2 zaidi ya kipenyo cha awali, yaani 297 kwa dramu ya 295. Ikizidi hapo ni ya kutupwa, hata kama mchongaji anasema bado ina nyama.

Baada ya hayo yote, bado kuna watu wenye sababu nzuri ya kutaka diski. Diski inaishinda dramu kwa joto, na joto ndilo adui wa kweli kwenye miteremko yetu. Pikapu ya kilo 2,600 ikishushwa mteremko wenye kimo cha mita 300, kazi inayotakiwa kugeuzwa kuwa joto ni karibu megajuli 7.65, sawa na kulisimamisha gari hilo kutoka kilomita 80 kwa saa mara kumi na mbili mfululizo. Joto hilo lingetosha kuchemsha debe zima la maji na kubaki. Injini ikiwa kwenye gia ndogo hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, na ndiyo maana madereva wazoefu wa miteremko ya Kitonga au Sekenke hushuka kwa gia ambayo wangepandia. Asiyefanya hivyo anaupeleka mzigo wote kwenye breki.

Dramu ikipata joto hutanuka na kuzikimbia lainingi zake. Dereva anakanyaga zaidi, pedeli inashuka zaidi, na chuma kilichofungwa ndani ya sahani hakina upepo wa kukipoza. Diski ikipata joto hutanuka kuelekea pedi, na pande zake zote mbili zipo hewani. Tofauti hii ndiyo iliyoipa diski jina. Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski Uingereza mwaka 1902, lakini ilipita nusu karne kabla dunia haijaiamini, mpaka Jaguar C-Type yenye diski za Dunlop iliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1953 kwa kuthubutu kuchelewa kukanyaga breki kuliko wapinzani wake wa dramu, kona baada ya kona, usiku na mchana.

Matope ni ushindi wa pili wa diski, ingawa hapa ningeongea kwa sauti ya chini kidogo. Gari lililovuka mto likiwa na dramu hutoka na maji ndani, na breki chache za kwanza hazina maana mpaka lainingi zikauke. Diski hujikausha yenyewe kwa kuzunguka. Matope yakiingia kwenye dramu hayatoki, yanabaki yakisaga lainingi na chuma. Kwenye vumbi, hata hivyo, dramu iliyofungwa vizuri hukaa miaka, wakati diski iliyo wazi hupokea kila punje ya mchanga. Anayeishi kwenye vumbi bila matope hana cha kushangilia hapa. Faida ya tatu ni ndogo lakini mafundi huipenda: pedi hubadilishwa kwa dakika chache bila springi za kuwarukia usoni na bila vumbi la dramu kuukuu, ambalo katika magari ya zamani linaweza kuwa na asbesto na halifai kupulizwa kwa mdomo wala kwa kompresa.

Tusichokipata kwa diski ni kusimama kwa umbali mfupi zaidi kwenye breki moja ya ghafla. Kama breki zilizopo zinaweza kuzifikisha tairi ukingoni mwa kujifunga, kinachoamua umbali ni tairi na barabara. Kutoka kilomita 80 kwa saa, kwa ule ukali wa asilimia 80 ya mvuto, gari litatumia mita 31 hivi kuanzia breki zinaposhika, na barabara haijui kilichomo ndani ya rimu. Watengenezaji wenyewe wamelipima jambo hili kwa vipimo tofauti. Chevrolet Silverado ilikuja na diski nne mwaka 1999, kisha matoleo mepesi ya 2005 yakarudishiwa dramu nyuma. Toyota Tacoma ilishikilia dramu hadi kizazi chake cha nne cha mwaka 2024. Volkswagen ilipotengeneza ID.3 na ID.4, magari ya umeme ya kisasa kabisa, ilifunga dramu nyuma, kwa sababu mota ya umeme inafanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo na breki inayotumika mara chache inahitaji kujikinga na kutu. Anayesema dramu ni ushamba hajatazama chini ya magari mapya.

Basi tuseme umeamua. Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, na ugumu wake hauko pale wengi wanapoutafuta. Kufunga diski kwenye ekseli ni kazi ya bano, bolti na mashine ya leithi. Kupata diski inayotoa nguvu sahihi kwa presha iliyopo ni kazi ya hesabu.

Lainingi ya mbele ndani ya dramu hujikaza yenyewe: dramu inavyozunguka inaivuta lainingi iingie zaidi. Kwa mpangilio wa lainingi mbili wa Hilux, msukumo wa wili silinda huzidishwa kama mara mbili na robo hivi kabla haujawa nguvu ya kusimamisha. Diski haina msaada huo. Pedi mbili zenye mshiko wa kawaida hutoa kama robo tatu tu ya msukumo wa pistoni. Ili kufidia, pistoni ya kalipa lazima iwe kubwa zaidi. Wili silinda ya milimita 22 kwenye dramu ya 295 ikishindanishwa na kalipa ya pistoni moja ya milimita 41, inayobana kwenye nusu kipenyo cha sentimita 12, kwa presha ile ile zinakaribiana, dramu ikiwa mbele kidogo. Chukua sasa kalipa ya nyuma ya saluni ndogo yenye pistoni ya milimita 34: umepoteza zaidi ya theluthi moja ya breki uliyokuwa nayo, kwa pesa zako mwenyewe. Chukua upande wa pili kalipa kubwa ya mbele ya gari zito kwa sababu tu ilipatikana na inapendeza, nayo itazifunga tairi za nyuma kabla dereva hajamaliza kukanyaga. Mtu akikwambia amefunga diski nyuma, muulize pistoni ni milimita ngapi. Asipojua, hajui breki aliyofunga ina nguvu kiasi gani.

Njia iliyo safi zaidi ni kuchukua ekseli nzima kutoka gari la ukoo mmoja ambalo kiwanda kililipa diski nyuma. Wamarekani wanayo mifano yao: ekseli ya Ford Explorer ya kuanzia 1995, yenye diski na dramu ndogo ya hendibreki ndani yake, imeingia chini ya Ford Ranger nyingi za zamani. Kwetu mgombea wa karibu ni Land Cruiser Prado ya miaka ya 1990, ambayo ina diski nyuma na mashimo 6 ya bolti kwenye duara la milimita 139.7, sawa na Hilux inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne. Ekseli za namna hii huonekana miongoni mwa spea zilizotumika zinazoletwa kutoka Sharjah na Dubai, na anayezunguka Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi atazipata kwa uvumilivu. Lakini Prado inakaa kwenye springi za kuviringa na mikono ya kuishikilia, wakati Hilux inakaa kwenye pleti. Lazima vikalio vya zamani vikatwe na vikalio vya pleti vichomelewe, na hausi ya difu ikichomelewa bila kupozwa kwa mpangilio hupinda, shafti zikaanza kula beringi na sili. Pia uwiano wa gia za difu hiyo lazima ulingane na wa difu ya mbele, la sivyo siku ya kuweka magurudumu manne kwenye lami utasikia gari likipigana lenyewe. Na upana wa ekseli upimwe kabla ya kulipa.

Njia ya pili ni bano la kuchongwa, diski ya gari jingine na kalipa ya gari la tatu. Ni ya bei nafuu na ndiyo inayofanyika zaidi. Inawezekana ikafanywa vizuri, na inawezekana pia ikamwua mtu. Bano likatwe kwenye chuma kinene, bolti ziwe za ubora wa breki, diski izunguke bila kuyumba, kalipa isiguse rimu. Rimu za inchi 14 za Hilux ndogo mara nyingi hazikubali. Kisha kuna kosa ambalo mafundi wazuri hulifanya wakiwa na haraka: kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, nati ya kutolea upepo inakaa chini, hewa inabaki juu, na mtu anakanyaga pedeli siku nzima bila kupata breki. Nati hiyo lazima iwe juu. Bomba la chuma lililokuwa likiingia moja kwa moja kwenye wili silinda nalo halitoshi tena, kwa sababu kalipa husogea pedi zinavyolika. Inahitajika hozi ya mpira ya breki.

Masta silinda wengi huibadilisha bila sababu na wengine huiacha bila kuiangalia. Kwa pistoni za ukubwa tuliotaja, kiasi cha mafuta kinachohitajika kwa kila breki hakitofautiani sana na cha dramu, kwa hiyo masta ya zamani inaweza kufaa. Mambo mawili hata hivyo yapimwe. Baadhi ya mifumo ya dramu huwa na kivalvu cha kubakiza presha kidogo kwenye bomba ili mipira ya wili silinda ikae imebana. Presha hiyo ikiachwa kwenye diski, pedi hazijiachii kabisa na diski inapata joto barabarani bila kukanyagwa. Pili, kadiri pedi zinavyolika, mafuta mengi zaidi hubaki kwenye kalipa: pistoni ya milimita 41 yenye pedi mbili zilizolika milimita 10 kila moja imemeza zaidi ya mililita 26 kwa kila gurudumu. Kikombe kidogo cha mafuta kilichotengenezwa kwa ajili ya dramu kinaweza kushuka chini ya alama bila kuvuja popote. Hata mafuta yenyewe yabadilishwe yote. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini iliyonyonya unyevu huweza kuchemka kwenye 140, na mafuta ya miaka mitano katika hewa ya pwani yamekwisha kunyonya.

Kama pedeli ni ngumu, usiifikirie diski kwanza. Katika dizeli za Toyota za 2L, 3L na 5L, busta ya breki hupata nguvu kutoka pampu ndogo iliyo nyuma ya alteneta, na pampu iliyochoka hutoa breki ya mbao hata kwa diski mpya.

Tunafika kwenye hendibreki, kigezo ambacho mimi binafsi ningekitumia kukubali au kukataa kazi nzima. Dramu ilikuwa nayo bure. Diski inataka mojawapo ya vitu viwili: dramu ndogo ndani ya kofia ya diski, kama ya Prado, au kalipa yenye mkono wa kusukuma pistoni kwa kebo. Kalipa za aina ya pili huchagua zaidi. Lazima marekebisho yake yabaki sahihi, na nyingi zina nguvu ya kulishikilia gari dogo la abiria tu. Kanuni za breki za Umoja wa Mataifa zinadai hendibreki ilishikilie gari lililojaa kwenye mteremko wa asilimia 18. Jaribu kalipa ya saluni kwa pikapu yenye tani moja uone. Kazi nyingi za bano huishia na kalipa za mbele zisizo na hendibreki yoyote, na mwenye gari akaambiwa atumie gia na jiwe. Pikapu isiyo na hendibreki, ambayo ikikatika bomba haina njia nyingine ya kusimamishwa kwa mkono, imerudi nyuma ya ilipokuwa na dramu zake mbovu, na kwenye kituo cha ukaguzi inastahili kukataliwa.

Valvu inarudi tena hapa. Katika vifaa vinavyouzwa Marekani kwa pikapu za zamani kama Chevrolet C10, valvu ya kiwanda hubadilishwa mara nyingi kwa valvu ya kukaza kwa mkono. Inafaa kwa wenye C10, ambao wengi wao hulipeleka gari kwenye maonyesho Jumamosi likiwa na kiti na redio nzuri. Valvu hiyo haijui mzigo. Ukiikaza kwa gari tupu, siku ya tani moja nyuma hakuna breki. Ukiilegeza kwa tani moja, gari tupu linazunguka. Kwa pikapu inayofanya kazi, valvu ya fimbo ya kiwanda ibaki, ikiwa nzima, na fimbo yake ipangwe upya kulingana na springi zilizopo sasa. Na kama gari lina ABS, ekseli mpya isifungwe bila sensa zake, kwa sababu kompyuta ya ABS inasoma mzunguko wa gurudumu la nyuma ili kugawa presha.

Kwa hiyo ningemfungia nani? Anayeshuka milima akiwa amejaa kila wiki, au anayevuka matope mara kwa mara, au ambaye dramu zake zimepita kikomo na nyingine hazipatikani, na aliyepata ekseli nzima yenye hendibreki yake. Wengine wote wangetoka gerejini na breki bora kwa pesa kidogo wakifufua walichonacho: dramu zilizo ndani ya kipimo, lainingi nzuri, sili mpya, hendibreki inayovutwa kila siku, na valvu ya mzigo inayocheza.

Kazi ikishakamilika, gari lisikabidhiwe kabla ya majaribio mawili. La kwanza ni la gari tupu, uwanja mpana wa changarawe usio na watu, kilomita 40 kwa saa, breki kali, na mtu nje akitazama tairi zipi zinaanza kujifunga. La pili ni la mzigo kamili kwenye mashine ya rola ya kituo cha ukaguzi, ambayo hupima kila gurudumu peke yake na kuonyesha tofauti ya kushoto na kulia. Fundi anayekubali kufunga diski lakini anasita kulipeleka gari kwenye rola amekwisha kukupa jibu la kazi yake. Na kama kwenye changarawe tairi za nyuma zitatangulia kujifunga, gari lirudi juu ya jeki siku hiyo hiyo, fimbo ya valvu ipimwe upya, na ukubwa wa pistoni za kalipa uhesabiwe tena kabla halijatoka getini.